Kura Imeisha

Saluni yangu ya Ntinda na chumba cha jirani yangu, fundi cherehani Mkongo, vilitenganishwa na ukuta wa mbao, lakini kwa umeme tulikuwa mume na mke: breka moja, vyumba viwili. Draya yangu ikiwaka peke yake, salama. Pasi yake ikiwaka peke yake, salama. Zikikutana, breka inaanguka, tak, tunabaki kulaumiana. Tukaweka sheria: anayewasha apige kelele. Yeye, "Pasi!" Mimi, "Kichwa!" Sanduku la breka lilikuwa kwenye veranda ya mwenye nyumba, mama wa Kiganda asiyependa vidole vya wapangaji. Alilitia kufuli, ufunguo akaufunga kwenye mshipi wa gomesi, lile vazi lake la Kiganda.

Jumamosi moja nilipata bibi harusi wangu wa kwanza. Akipendeza kanisani, Ntinda nzima ingekuja kwangu. Akiharibika, ningerudi Kisumu na draya yangu begani. Yuko chini ya draya, kichwa kimejaa rola, nywele bado mbichi. Upande wa pili fundi ananyoosha gauni la bibi harusi huyo huyo. Niliita "Kichwa!" Akaita "Pasi!" Kila mmoja akajifanya kiziwi.

Tak.

Bibi harusi akaangua kilio. Fundi, ambaye machozi humtia hofu, akatoka mbio kwenda kwa Mama mwenye nyumba. Nilingoja huku nikimpepea bibi harusi kwa gazeti, mpaka hasira zikanipanda nikamfuata.

Nilimkuta fundi uani kwa Mama, mkekani, sahani ya matoke na mchuzi wa karanga mbele yake, anatafuna kama mtu aliyekamatwa.

"Umeme uko wapi?"

"Nilisema kura," akaninong'oneza. Kwao Kongo, umeme ndio kura. "Nilimwambia, Mama, kura imeisha, hata bibi ya harusi iko analilia kura."

Masikioni mwa Mama, r na l ni pacha.

"Kula imeisha, ye nasema! Bibi halusi nalilia kula!" Mama alinigeukia. "Mi naacha watu kufa na njaa kwa nyumba yangu? Nyabo, dada, leta yeye hapa."

Nilimweleza kwamba ni umeme. Akasema umeme hauna tumbo, utangoja. Basi nikamleta bibi harusi, nikitumaini machozi yake yatalegeza ule mshipi.

Alipoiona sahani alinyamaza. Akala ya kwanza, akaomba ya pili, jua la mchana likimchoma rola zote. Mama aliporidhika akafungua sanduku, akapandisha breka. Nikagusa nywele: kavu kabisa, kila wimbi mahali pake. Nilitamani kumbusu Mama.

"Mbona hukusema una njaa?" nilimuuliza bibi harusi.

"Shangazi zangu wamenikataza kula tangu jana, eti gauni halitafunga," alisema, akilamba kidole. "Ni huyu Mkongo tu aliyeniombea."

Fundi alizitazama zile sahani mbili tupu, akamtazama kiunoni. Akarudi chumbani kwake, akachomoa pasi, akatafuta wembe na uzi.