Fungua Kinywa Tu

Sikuombi uniamini kwa sababu naandika vizuri. Niamini kwa sababu jambo hili linanitia haya, na mtu hatungi uongo wa kujivua nguo mwenyewe. Watu husema mambo ya namna hii huja usiku. Kwetu yalikuja saa tisa za mchana, kwenye kilima cha ng'ombe juu ya Nyamitaba.

Tulikuwa wanafunzi watatu wa mwaka wa mwisho, tukipiga klipu ya wimbo wetu wenyewe. Espérance ndiye aliyeimba. Bahati alishika telefone ya kupigia picha. Mimi niliandika mpango ndani ya kaye, daftari langu: kila mstari wa wimbo na mahali pake, huu kando ya ua wa mbao, huu katikati ya ng'ombe. Niliuandika upya mara sita. Mimi ni mtu wa hivyo, hata salamu naipima kwanza kabla ya kuitoa.

Wimbo tulikuwa tumekwisha kuurekodi. Bwana mmoja wa studio huko Goma aliusikia, akatuma neno: mnitumie klipu, nimuone huyo binti, nikiridhika nitamuita. Kwa hiyo siku ile yote ilikuwa ya Espérance. Alikuwa hana kitu kingine cha kumtoa kwenye mashamba ya viazi isipokuwa sauti yake, na alilijua hilo.

Unaijua plebaki? Wimbo unatoka kwenye bafle, ile spika, mwimbaji anaufuata kwa kinywa tu. Espérance hakuweza. Aliimba kwelikweli, akaitangulia bafle, mishipa ya shingo ikamtoka. Nilimkatiza mara kumi na moja.

"Fungua kinywa tu," nikamwambia.

"Nikinyamaza sura inakufa, kaka."

"Sura uniachie mimi. Leo sauti yako haina kazi."

Bahati akacheka. "Directeur amekasirika! Sasa hivi atafukuza hata ng'ombe mu klipu."

Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni. Niliwaambia wajipange upya, nikabaki nyuma kidogo na kaye yangu. Hapo nikamkuta mwanamke amesimama kando yangu, na bidon ya maziwa mkononi. Nilimdhania mwenye ng'ombe. Sasa sikiliza: tope la kilima kile lilitufika vifundoni, mabote yetu yalikuwa mazito kama mawe. Yeye hakuvaa kitu miguuni, na miguu yake ilikuwa mikavu. Niliiona. Nikajiambia labda amepita kwenye majani. Ndivyo kichwa changu kinavyofanya kazi, kinatafutia kila jambo sababu mpaka jambo lenyewe linanipita.

"Mutoto huyu iko anaimba, ao iko anafungua kinywa tu?" akauliza.

"Anafungua kinywa tu, Mama. Sauti iko mu bafle."

"Na ile ya mu shingo?"

"Ile haitumike."

"Iko ya nani, basi?"

Nilitazama ukungu. Zilikuwa zimebaki dakika chache za mwanga mzuri, nami nilitaka mwanamke huyu aondoke.

"Leo haiko ya muntu."

"Munipatie."

Alisema hivyo kama mtu anayeomba viazi vilivyobaki chunguni. Kwetu mtu mzima akikuomba kitu kidogo humnyimi usoni. Kama huna, unampa hata neno. Nikacheka.

"Kamata, Mama. Kamata yote."

"Aksanti." Akakaza kifuniko cha bidon. Niliinama kuandika namba kumi na mbili kwenye kaye. Nilipoinua kichwa hakuwepo, wala tope halikuwa na alama.

Mara ya kumi na mbili ilitoka safi kabisa. Kinywa na wimbo vilikwenda pamoja, shingo imetulia, uso mzuri. Nikapiga makofi.

"Umeona? Si nilikuambia?"

Espérance akafungua kinywa anijibu. Akakifunga, akakifungua tena.

"Ee, directeur," akasema Bahati, "umefundisha muntu mpaka amepita kipimo!"

Tulicheka. Alikuwa amejishika koo kwa mikono miwili, na sisi wawili tulicheka. Kicheko hicho ndicho kitu cha kwanza ninachokisikia kila asubuhi.

Hospitalini walichungulia koo wakasema ni zima. Wanamaombi wakafunga siku tatu. Wakati huo Bahati alikuwa akikata na kuunga picha, akagundua kwamba hakuizima telefone kule kilimani. Tukasikiliza sisi wawili. Sauti ya mwanamke haikuwamo. Nilikuwamo mimi peke yangu, nikijibu, nikinyamaza, nikijibu tena: kamata, Mama, kamata yote.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na ng'ombe," nikasema. Nikakifuta kipande hicho kwa kidole changu mwenyewe.

Tuliituma klipu hata hivyo, na bwana wa studio akaipenda. Akapiga siku ileile. "Mumupatie telefone, aimbe kidogo tu." Espérance aliishika kwa mikono miwili. Nilikitazama kinywa chake kikiimba wimbo mzima. Upande wa pili tulisikia "Allô? Allô?" Kisha akakata.

Je, yaliishia hapo? Laiti! Nilikwenda kumwona kwao Kibabi, anakoishi na mama yake, mjane ambaye macho yake yalikwisha kufa. Ukungu ukashuka mchana. Espérance alikuwa mbele yangu, anamenya viazi, wakati sauti yake ilipoita kutoka nje.

"Mama! Niko hapa, Mama. Kuya!"

Mama akainuka. Espérance akamshika kitenge. Mama akampapasa uso, akausukuma mbali.

"Wacha nipite. Mutoto wangu iko inje." Kisha akauliza, kwa ukali: "Na wewe uko nani, unanyamaza ivi mu nyumba yangu?"

Akajichomoa, akatoka, ukungu ukammeza. Majirani walimrudisha jioni, amelowa. Tangu hapo, ukungu ukishuka, mlango hufungwa kwa kufuli. Espérance ndiye anayefunga. Mama huegemea ubao wa mlango na kuongea na aliye nje, wanacheka pamoja, na binti hukaa hapo akiwasikiliza.

Mimi nilihamia Walikale, nafundisha shule huko Kibua. Espérance huniandikia. Safari hii aliandika mstari mmoja: "Siku ile ulisimama nyuma, midomo yako ilikuwa inacheza. Ulisema nini?" Niliwaza majuma matatu. Niliandika barua nne, nikazichana. Nikamtumia ujumbe: "Sikusema kitu."

Wewe unayepiga klipu yako, ukiulizwa kitu cha mwenzako ni cha nani, usiwe na haraka ya mwanga. Taja jina lake. Kisha mwite aje ajibu mwenyewe, angali anaweza kujibu.