Mwaka Nilioatamia Soda

Kila mwaka mwezi wa sita ulipoingia, Mpanda nzima ilishikwa na ugonjwa mmoja: soda zilipotea. Jana umeinunua, leo mwenye duka anakutazama kama umemuuliza bei ya theluji. "Soda? Hakuna. Labda gari moshi likija." Na gari moshi limekuja juzi. Sababu tuliijua wote, hata watoto wa darasa la kwanza. Bajeti inakaribia kusomwa, na bajeti ikisomwa, soda, bia na sigara hupanda. Basi mwenye duka mwenye akili anaficha leo, auze kesho kwa bei mpya. Hakuna aliyeliungama hilo kanisani, na padri naye alikuwa akinunua sukari yake mapema.

Mama yangu alikuwa na duka dogo karibu na stesheni, na stoo yake ya siri ilikuwa chumba changu. Alinichagua kwa sifa moja tu: sitoki. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yakawa ya namna ambayo mtu akiyauliza mara moja harudii, nikarudi nyumbani kupumzika kidogo. Mapumziko yale yalikuwa yameingia mwaka wa tatu. Wenzangu walikwenda machimboni kutafuta dhahabu, wengine Tabora. Mimi nilifika mpaka mlangoni, nikaona jua ni kali.

Basi kila mwezi wa sita kitanda changu kilitolewa nje, kreti zikapangwa ukuta kwa ukuta, godoro likawekwa juu. Nilipanda kulala kwa kukanyaga kigoda. Nikijigeuza, chupa zinagongana, na mama anauliza kutoka chumba cha pili, "Umevunja?" Haulizi kama nimeanguka.

Jirani yetu, mama wa Kifipa aliyekuwa na duka kama letu ng'ambo ya barabara, alikuwa akipita dirishani anacheka. "Jirani, huyu mwanao bado anaatamia? Atatotoa lini?"

"Mwache," mama anajibu. "Kuku wako wewe anaatamia wapi?"

Jirani anakohoa, anaendelea na safari yake.

Sasa ule mwaka ninaousema ulikuja na mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, serikali ilikuwa inaleta kodi mpya, VAT, ichukue nafasi ya kodi ya mauzo iliyozoeleka. La pili, dada yangu alikuwa anaolewa. Wakwe walikuwa Wasukuma wa Sibwesa, watu waliohamia kutoka kaskazini na ng'ombe zao, na mahari walikuwa wameshaileta yote, bila kubembelezwa. Ndoa ilipangwa Jumamosi, katikati ya siku ya bajeti na siku ya kwanza ya mwezi wa saba, ambayo kodi mpya ingeanza. Baada ya kanisa wakwe waje kula chakula cha mchana kwetu, kisha wamchukue mtu wao.

Siku ya bajeti, Alhamisi, betri za redio zilianikwa juani tangu asubuhi. Mtaa ukajaa dukani kwetu. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na cheti, nilikalishwa karibu na redio kama mkalimani.

"Kasema nini?" mama akauliza.

"Kodi ya ongezeko la thamani."

"Thamani ya nini?"

"Ya kitu. Kila kinapopita mkononi mwa mtu kinaongezeka thamani, na ile nyongeza inalipiwa."

Mama akafikiri. "Na soda zangu? Zimeongezeka thamani huko ndani?"

"Zimelaliwa tu, mama," jirani akadakia. Watu wakacheka mpaka tukapitwa na habari za sigara.

Lakini mama hakucheka. Kitu asichokielewa, kwake kilikuwa na maana moja: kitapanda. Akaamua kreti zisiguswe mpaka mwezi wa saba.

Jioni ile dada yangu akaja chumbani, akakaa kwenye kigoda, akiniangalia juu nilipolala. "Kaka, nitaolewa kwa maji ya kisima?"

"Mama anasema atapika togwa."

"Togwa! Hawa watu wameleta ng'ombe, sisi tuwape togwa? Kesho kutwa nikikosea chumvi wataniambia nini? 'Kwenu ndiko kule kwa togwa?'" Akaanza kulia. Nilitaka kumfariji, nikajigeuza, chupa zikalia kengele. Ikawa kama namcheka.

Mama hakuwa na moyo mbaya. Alikuwa na hesabu yake: soda za harusi atanunua kwa wengine, kwa bei ya zamani, zake zibaki. Alhamisi hiyohiyo akavuka barabara, nami nikawasikia kupitia dirishani.

"Jirani, nipatie soda za harusi ya binti yetu."

"Soda? Hakuna, mama. Labda gari moshi likija."

Maneno yale yale, na sauti ile ile. Wakatazamana wee, wanawake wawili wanaojuana vizuri kupita kiasi. Mama akarudi bila kuaga.

Ijumaa gari moshi likaja kutoka Kaliua, na behewa zima la soda. Wenye maduka wakakimbilia stesheni, na mama alirudi amebadilika rangi. Wakala wa soda alikuwa amewaambia bei haitasogea hata kidogo. Kodi moja inatoka, nyingine inaingia, soda iko palepale. Kisha akawauliza, "Kreti tupu ziko wapi? Behewa linaondoka Jumatatu."

Hapo ndipo mtaa mzima ulipojiona ulivyo. Soda ya siku zile ilikuwa na sharti: utoe kreti ya chupa tupu, upewe iliyojaa. Huna tupu, mzigo unakwenda kwa watu wa upande wa sokoni, na wateja wako wanaufuata hukohuko. Sisi wajanja wa stesheni tulikuwa na soda zilizojaa hadi vitandani, chupa tupu hatuna hata ya kutilia mafuta ya taa. Na mwezi wa sita kuna baridi. Nani anywe zote hizo mpaka Jumatatu?

Mama akasimama mlangoni mwa chumba changu. "Shuka."

"Nishuke wapi?"

"Shuka juu ya soda za dada yako!"

Kabla sijamaliza kushusha godoro, jirani akaingia uani na toroli la kreti, uso umejaa upendo. "Jirani, nimeona nimchangie binti yetu."

"Si ulisema huna?"

"Zimekuja na gari moshi."

"Basi ni hilohilo lililoleta zangu," mama akasema. Nyuma ya jirani wakafuata wengine, toroli baada ya toroli.

Harusi ya namna ile sijaiona tena. Kwa kawaida, katika harusi za kwetu, watu wawili waligawana chupa moja, na mwenye bahati ndiye aliyeanza. Siku ile kila mgeni alikuwa na mwenye duka nyuma ya kiti chake. "Kunywa, baba. Maliza. Usiache chini!" Ukimeza tone la mwisho, chupa imeshanyakuliwa. Mimi, mtu wa ndani, nilizunguka uwanja mzima nikiokota tupu na kukimbizana na watoto. Nilitembea kuliko miaka yote mitatu.

Baba mkwe, mzee mrefu wa maneno machache, akasimama mwishoni akishika tumbo. "Wabheja sana, asanteni. Tumekwenda kwenye harusi nyingi. Watu wanaomlazimisha mgeni hivi hatujawaona. Binti yenu tutamtunza kama mlivyotutunza."

Mama akainama. "Ndivyo tulivyo," akasema. Jirani akageukia ukutani, mabega yanamtikisika.

Dada akapanda kwenye lori na shela lake, soda mkononi, ya mwisho. Nilinyoosha mkono nipokee chupa. Akaikumbatia. "Hii mwambie mama siirudishi."

Jumatatu kreti zetu zilifika stesheni, moja ikiwa na tundu lisilo na chupa. Wakala akalinyooshea kidole. Mama, ambaye angeweza kubishana naye mpaka behewa liondoke, alifungua kitambaa chake, akalipa, akafunga.

Chupa ile ipo Sibwesa hadi leo. Mama hayupo tena, soda zimekuwa za plastiki, na mimi nimejifunza kutoka nyumbani, ila si mbali. Nikienda kwa dada, ananitilia samli ya kubeba, ndani ya chupa nyingine yoyote. Ile haitoi.