Sababu ya Saa Tano

Elinipendo alipima maziwa miaka kumi na mmoja kwenye kituo cha wafugaji huko Marangu kabla hajajua kuandika hata mstari mmoja wa programu. Alijifunza ukubwani, akiwa mama wa watoto watatu, na sasa yumo katika ofisi ndogo pale Njoro, wanakotengeneza programu ya simu ya kupokelea maziwa vituoni.

Kazi aliimudu. Kilichomshinda ni maelezo. Kila anayebadilisha kitu kwenye programu hana budi kuandika kwa ufupi amebadilisha nini, ili wenzake wajue. Elinipendo aliandika neno moja tu, "Nimerekebisha", siku nenda siku rudi, hadi mwenzake Vedastus, kijana wa Bukoba, akamwambia kwa upole kwamba maelezo hayo hata mpelelezi hayamsaidii.

Basi akamfundisha kutumia akili mnemba. Unaipa mabadiliko yako, inayasoma, inakuandikia maelezo. Siku ya kwanza Elinipendo alicheka peke yake mpaka watu wakageuka. Wiki mbili nzima hakuandika tena kwa mkono wake.

Jumatatu moja akabadilisha saa. Siku za Jumapili programu ilikuwa ikifunga mapokezi saa tatu asubuhi. Yeye akasogeza hadi saa tano. Mashine ikaandika: "Muda wa mwisho wa kupokea maziwa Jumapili umeongezwa kutoka saa tatu hadi saa tano."

Sentensi safi, haina kosa. Lakini mkono ulisita. Alimkumbuka Bibi Elisifa, mfugaji wa kule Marangu, aliyetoka ibadani, akapitia nyumbani kuchukua dumu lake, akafika kituoni na kuambiwa simu imekataa. Bibi hakugomba. Aligeuka na maziwa yake, akaenda kuyagandisha.

Hayo mashine ingeyajulia wapi? Akaongeza mwenyewe: "Ibada ya kwanza inatoka saa tatu. Akina mama hawawezi kufika kituoni kabla ya saa nne."

Kesho yake Vedastus aliiona ile saa tano, akadhani vidole vimeteleza, akajiandaa kuirudisha. Kabla hajagusa kitu akasoma maelezo. Akageuza kiti.

"Dada, na haya ya mwisho yameandikwa na mashine?"

"Hapana. Mashine haijawahi kusali Marangu."

Vedastus alicheka, akaiacha saa ilipo, akaomba siku moja apelekwe akakione hicho kituo.

Jumapili wakapanda wote hadi Marangu. Saa nne na nusu Bibi Elisifa akafika na dumu, maziwa yakapimwa, simu ikakubali. Vedastus akampa shikamoo na kumpokea dumu tupu. Bibi, asiyejua lolote kuhusu sentensi wala mashine, akawakaribisha nyumbani kwake wale mtori wa ndizi. Aliposikia mgeni ni wa Bukoba alimuuliza ndizi kwao hupikwaje, na hapo ubishi ukaanza, hakuna aliyetaka kushindwa. Elinipendo aliwaachia ubishi wao, akajipakulia bakuli la tatu.