Rubani wa Kaseti ya Saba

Mwenye kibanda cha video katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka hupangusa kila kaseti kwa pindo la shati, mara mbili, kabla ya kuiweka. Huzileta kutoka Lilongwe, zote za mchezo mmoja wa chombo cha angani usioisha miaka nenda miaka rudi, na Kiingereza chake hukigeuza Kiswahili kwa sauti ya kukwaruza, pamoja na ngurumo za injini. Jumamosi iliyopita, kwenye kaseti ya saba, rubani alikufa. Maombi, fundi cherehani, alilia mpaka kitenge kikalowa. Leo rubani yuleyule anacheka kwenye kioo cha televisheni.

"Papa, huyu si alikufa? Na ya nane si iko pale mezani?" Maombi akamuuliza mwenye video.

"Ya nane itangojea, mama. Nimerudia ya kwanza." Akapangusa kioo kwa pindo lilelile. "Tuko naye Jumamosi sita nzima kabla ya ile ya saba."

Maombi akavuta kigoda chake mbele.