Viatu Nilivyokataa Kuvua

Jamani, nawasimulia kwa sababu mmeapa kutocheka, ingawa najua kiapo chenu hakitafika mwisho wa habari hii.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, shahada ninayo, kazi sina, serikali imeacha kuajiri na kila mtu anasema siku hizi ni soko huria, jitafutie, ndipo chuo kimoja cha kompyuta kikafunguliwa pale Mwanza mjini kikatangaza nafasi moja ya kusoma bure. Uchague kozi: kuunganisha kompyuta, au ulinzi wa kompyuta. Mimi (mnanijua, hata sala ya chakula naihoji) nikazunguka mji mzima nikiuliza: kama kompyuta zenyewe ni za kutafuta kwa tochi, unaunganisha nini na nini? Na ulinde nini?

Siku ya usaili wazazi nao walialikwa, kwa hiyo shangazi Kulwa akavuka na meli kutoka Nansio, kitenge kipya, aje kunisindikiza. Mlangoni tukaambiwa tuvue viatu, eti vumbi linaua mashine. Sasa soksi yangu ya kulia ilikuwa na tundu, kidole gumba chote nje. Badala ya kukiri, nikaigeuza aibu kuwa hoja.

"Mbona vumbi linapita dirishani? Lenyewe limevua viatu?"

"Mwanangu, si uvue tu," shangazi akanong'ona.

"Shangazi, mambo lazima yahojiwe."

Nikaingia na viatu vyangu. Ndani, Mwalimu Ngusa, mkuu wa chuo, alikuwa anawaonyesha wazazi jinsi salamu inavyosafiri kutoka kompyuta ya kwanza hadi ya mwisho, zote zimetungwa kwenye waya mmoja uliolala sakafuni, kama sato kwenye kamba. Walio peku waliuhisi kwa nyayo, wakauruka. Mimi na soli yangu nene ningehisi nini? Ukaninasa mguuni, nikaukung'uta kistaarabu, ukazidi kukaza, nikavuta kwa hasira, ukachomoka, salamu ikafia njiani, kiatu kikaruka kivyake, nami nikaketi mapajani mwa mzee mmoja wa Kisesa nisiyemjua (hata shikamoo sijampa), kidole gumba kimesimama mbele ya wazazi wote.

"Ee! Kumbe hoja yenyewe ndiyo hii!" shangazi akapasuka kwa kicheko, na chumba kizima nyuma yake.

Mwalimu Ngusa peke yake hakucheka.

"Kijana, umechagua kozi gani?"

Nafasi naiona inaondoka. "Bado nahoji, mwalimu."

"Basi nakuchagulia. Ulinzi siwezi kukupa, maana adui mwenyewe ni wewe. Utasoma kuunganisha. Anza na huo waya, na hicho kiatu kingine kivue."

Nikatambaa chini ya meza, wazazi wakinishangilia. Nafasi nikaipata, na jina nikapata: mpaka namaliza kozi niliitwa Kidole.

Kuhoji sijaacha, wala sitaacha. Ila siku hizi, kabla sijafungua mdomo, nakagua soksi.