Chuma Kilichopikwa Nyotani

Mwaka 1987 redio ilitangaza kuwa nyota imelipuka, tena upande wa kusini wa mbingu, ambako sisi tunaona. Nilikuwa mwalimu wa sayansi Kanyangi, na habari za aina hiyo hunisahaulisha hata chai. Nyota ilikuwa imekufa zaidi ya miaka laki moja iliyopita, mwanga wake ndio kwanza unatubishia hodi. Nani asingeshangaa? Nikavamia vitabu vya sayansi vya shule, navyo vilikuwa viwili, nikakuta jambo lililonistaajabisha zaidi: chuma chote cha dunia hii kilipikwa ndani ya nyota, na zilipolipuka zikakitawanya.

Chuma! Baba yangu alikuwa mhunzi, mwana wa mhunzi. Babu aliyeyusha mchanga mweusi wa mtoni. Baba alifua majembe na panga kutoka kwa springi za malori yaliyokufa barabara ya Mombasa. Mimi, kifungua mimba wake, nilitakiwa kushika nyundo, nikaenda chuo cha ualimu. Kwa miaka tisa hakuniita mwanangu. Aliniita Mwalimu, kama mtu anavyomwita mgeni wa serikali, na iliniuma kila mara.

Jumamosi nikampelekea habari yangu kwenye banda lake la uhunzi. Nilikosea, nikaanza kama niko darasani, mkono ukichora hewani. Wateja wawili wakacheka.

"Mwalimu," baba akasema, "hii chuma nimetoa huko Kiboko, kwa lori iliyokufa."

"Na lori ilitoa wapi, baba?"

"Kiwanda."

"Na kiwanda?"

"Kwa mawe."

"Na mawe?"

Akaigeuza springi mkononi. "Huko kwa nyota," akauliza, "nani anavuta mivukuto?"

Hilo ni swali la fundi, anayejua kuwa moto wa chuma haukolei bila mivukuto ya kuupuliza. Nimesoma mengi tangu hapo, sijakutana na swali zuri kulishinda. Nikamweleza kuwa nyota kubwa hujibana kwa uzito wake yenyewe, na kule kubanwa ndiko kunakozidisha moto. Akaguna, akarudia kazi yake. Nikaenda zangu nikijua nimeshindwa.

Siku ya soko nilimkuta ametandaza majembe yake chini, watu wamemzunguka.

"Hii jembe imepikwa kwa nyota," alikuwa akisema. "Nyota ikapasuka, buu! Chuma ikaanguka huku, mpaka kwa mchanga ya mto ya baba yangu."

Mama mmoja aliyekuwa akikagua mpini akauliza ni nani aliyesema maneno hayo.

Baba akaninyooshea kidole katikati ya watu. "Mwana wakwa," akasema kwa Kikamba, mtoto wangu. "Ni yeye aligundua."

Sikuwa nimegundua lolote. Nilisoma tu kitabu cha shule kilichong'oka jalada. Lakini mimi, ambaye kutwa kucha kazi yangu ni kusahihisha watu, nilisimama pale machozi yakinilenga, nisimsahihishe.