Kijibwa Aliyepelekwa Buffalo

Mimi mbwa nawaogopa tangu utotoni, na sioni haya kusema. Kwetu Kivu mbwa analala nje, anakula kilichobaki, na akimuuma mtu anaondolewa siku hiyohiyo. Jirani yetu mmoja aliumwa na mbwa wake mwenyewe. Baada ya wiki kadhaa akaanza kuogopa maji. Aliletewa kikombe, akapiga kelele mpaka sisi watoto tukakimbilia shambani. Walimfunga kitandani kwa vitenge, na hakupona. Kwa hiyo binti yangu alipoanza kuomba mbwa, hapa Louisville, nilimwambia aombe kitu kingine, hata ng'ombe.

Hakukoma. Baba yake anafanya kazi kiwandani Jeffersontown, na akirudi hana nguvu za kubishana na mtoto wa miaka tisa. Akakubali. Tukaenda Columbus kwa shemeji yangu, anayekaa mtaa wa Clintonville, naye akatupeleka kwenye shamba moja nje ya mji ambako mama mmoja wa Kizungu alikuwa na kondoo na vijibwa vya kuwachunga, vyeusi vyenye shingo nyeupe. Akatufundisha kuchagua: tusimchukue anayejificha wala anayewapanda wenzake, tumchukue yule anayekuja kunusa, akarudi, akaja tena. Binti yangu aliketi kwenye majani. Mmoja akamzunguka, akatokea nyuma, akavuta kamba ya kiatu. Ndiye. Mimi nilikuwa ndani ya gari, kioo kimefungwa, nikimpendelea yule aliyelala.

Mwenye shamba alisema mambo mengi: chakula mara ngapi, apelekwe nje kila akiamka, asiachwe bila kazi, maana mbwa huyu akikosa kondoo atatafuta cha kuchunga. Nilishika moja tu. Chanjo ya kichaa cha mbwa alikuwa bado hajapata, umri haujafika.

Basi akaanza kazi kwetu. Nitakuwa mkweli, nilimhudumia. Nilimwamsha, nikampeleka nje kwenye baridi, nikafuta alipokojoa, nikamlainishia chakula kwa maji ya uvuguvugu. Lakini nilivaa gamboti, viatu virefu vya mpira, ndani ya nyumba. Na yeye alichunga. Watoto wakikimbia sebuleni aliwazunguka, akawabana kwenye kona ya jokofu, na aliyechelewa alimnyakua kisigino. Wenzangu kanisani walicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huu haukuwa ung'ongo, ulikuwa na meno.

Jumamosi moja binti yangu alikimbia kuelekea mlangoni, na kijibwa akamshika kifundo cha mguu. Damu ikatoka. Kidogo, tone moja au mawili juu ya soksi nyeupe, lakini mimi nililiona lile tone kubwa kuliko nyumba.

Mume wangu hakuinua sauti. "Bon. Mbwa yenye kuuma haikae na batoto," alisema. Ndugu mmoja wa kanisani alikuwa akihamia Buffalo asubuhi ileile, yeye na mke na watoto, lori limeshajaa. Kijibwa akawekwa kwenye boksi miguuni pa mke wake, wakaondoka. Kwetu hivyo ndivyo inavyofanywa, na nilipumua.

Jumatatu muuguzi wa kliniki alisafisha kidonda, akauliza mbwa yuko wapi. Nikamwambia, kwa fahari kabisa, kwamba tumemwondoa. Akaweka kalamu chini. Alieleza polepole kwamba mbwa akiuma anatakiwa kuangaliwa siku kumi. Akibaki mzima, mtoto hana kichaa. Akiugua au asionekane, mtoto ataanza sindano, na muda wa sindano bado upo, nisiwe na wasiwasi. Nisiwe na wasiwasi! Sisi tulikuwa tumempeleka huyo shahidi majimbo matatu mbele.

Tangu hapo nilikuwa mtu wa vikombe. Asubuhi nilimpa binti yangu maji, nikamkazia macho mpaka ameze. Akirudi shule, maji. Kabla ya kulala, maji. Aliponiuliza kuna nini, nilimjibu lolote lililonijia mdomoni, nikamwongezea maji. Mimi mwenyewe nilikuwa sili.

Siku ya tano yule ndugu akapiga simu. "Yaya, kale kambwa kanagonjwa kidogo," alisema, akiniita dada mkubwa kama ilivyo kwetu. "Kidogo tu. Donc, musiogope."

Nikaketi sakafuni. Anayesoma haya na si wa kwetu huenda haelewi. Sisi kifo hatukitangazi kwa simu. Mtu akifariki tunasema anaumwa kidogo, njooni. Mama yangu alipofariki kule Uvira, watoto wakiwa wamenizunguka mezani, kaka yangu aliniambia kwa simu, sauti imefunguliwa, kwamba mama anaumwa kidogo, na mimi nikaanza kulia kabla hajamaliza, naye hakunikatalia. "Kidogo tu, musiogope" ndilo neno lenyewe. Mbwa amekufa. Amekufa kwa kichaa, na mtoto wangu amebakiza wiki chache.

Nilipompigia tena, simu ilikuwa imezimwa. Alikuwa ameingia zamu kiwandani. Nikampigia muuguzi, akasema mbwa aonwe kwanza na daktari wa wanyama, na kama haiwezekani nimlete mtoto kesho. Mume wangu akasema hospitali ziko Buffalo pia, na kule kuna mbwa, mzima au maiti, wa kuwaonyesha. Alfajiri tukamketisha binti yetu nyuma pamoja na blanketi na chupa za maji. Tulipita Columbus bila kusimama kwa shemeji. Kila nilipogeuka, mtoto alikuwa ananitazama.

Tulifika Buffalo mchana, kwenye nyumba ya mbao kule East Side. Kijibwa alikuwa barazani, amefungwa kwa kamba. Amekonda, masikio yamelala, lakini mkia ukapiga mbao alipotusikia. Nilisimama pale chini ya ngazi na kulia.

Yule ndugu alitoka akiwa amejawa na mshangao. Alishampeleka kwa daktari wa wanyama asubuhi. Watoto wake walikuwa wamemlisha maharage yenye mawese, tumbo likamharibikia. "Yaya, sikukuambia ni kidogo?"

"Uliniambia kidogo!" nilipiga kelele. "Sisi mtu akikufa tunasemaka je?"

Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mungu wangu," alisema.

Niliinua bakuli la kijibwa, nikalijaza maji bombani, nikaliweka mbele yake kwa mkono wangu, bila gamboti. Akanywa, ulimi ukigonga bakuli. Nikamgeukia binti yangu aone, lakini hakuwa ameshuka. Alikuwa bado ndani ya gari, mkanda umefungwa, blanketi mpaka shingoni.

"Shuka," nikamwambia. "Mbwa wako ni mzima. Tumbo tu."

Akaniuliza kwa Kiingereza, kama anavyonijibu siku zote, ikiwa na yeye basi hatakufa.

Nikafungua mlango. "Nani alikuambia utakufa?"

Safari hii alijibu kwa Kiswahili.

"Wewe. Nilikuuliza niko na nini, ukasema mi nagonjwa kidogo."